Kiti Tulichoonyeshwa

Watu wanasema tulionywa. Wanasema kwenye foleni ya maji, wanasema wakitoka kanisani, na juzi mama mmoja alisema nikiwa nimesimama hapo hapo, macho yake yakiwa kwa fimbo yangu: "Lakini hawa si walionyeshwa mapema, wakakataa kusikia?" Maji aliyokuwa akichota yanapita kwa bomba ambalo sisi ndio tuliolichimbia. Nilimwacha ajaze mtungi wake aende. Ningefungua mdomo siku hiyo ningemmwagia yote, na yeye si mkosaji, anarudia tu alichosomewa.

Basi nimeandika. Shule niliachia darasa la sita, na kalamu kwangu ni nzito kuliko jembe, lakini sitaacha hii habari imalizwe na watu ambao hawakuwa ndani ya ule mtaro. Majina sitaweka. Nimeishi vya kutosha kujua sheria inavyomkimbilia mtu mdogo akitaja mkubwa. Lakini waliotufanyia hivi ni watatu na nitawataja kwa viti vyao. Wa kwanza ni injinia wa mradi, aliyekuwa akituongoza akiwa nyumbani kwake Syokimau. Wa pili ni mwenyekiti wa kikundi chetu hapa Kalama. Wa tatu ni madam wa ofisi ya mradi kule Machakos mjini, ambaye alimzika jirani yangu mara ya pili kwa kuandika tu.

Kwa mgeni, mwethya ni kazi ya mikono mingi. Leo tunachimba matuta shambani kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa mjane ambaye hawezi kushika sululu. Wengi wetu ni wanawake, kwa sababu wanaume wako Nairobi au wako Kyumbi wanauza vitu kando ya barabara. Na mto wetu ni wa mchanga. Mvua ikiisha, mto unakauka juu na maji yanajificha chini, unafukua mpaka kiwiko kabla ya kupata ya kujaza kikombe. Mradi ulipokuja ukasema utatujengea ukuta wa kushika mchanga na maji yake, tulishangilia. Wao walileta saruji na mabomba. Sisi tulileta mawe na migongo.

Wakati wa ukuta, injinia alikuwa akija mwenyewe. Siwezi kumsingizia. Kijana mpole, alikula muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe na akaomba kuongezewa. Akisema udongo huu ni mbaya, anauchukua mkononi na kuuponda mbele yako ukauona ukimwagika. Lakini mvua ikaja, barabara ikakatika pale kwa daraja, na huyo kijana akagundua kwamba anaweza kuwa hapa bila kuja hapa. Barabara ilitengenezwa. Yeye hakurudi.

Tukaanza mikutano ya video. Simu ilikuwa ni ya mwenyekiti, kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo ilikuwa na bando. Tunaingia kanisani, anaisimamisha juu ya mimbari ikiegemea mkebe wa maua, na sisi tunakaa kwa benchi tukiitazama kama ndiyo mhubiri. Kuigusa ni marufuku. Mara moja mama mmoja aliigusa akitaka sauti iongezeke, mkutano ukakatika, na mwenyekiti akamwambia mbele ya watu wote kwamba mikono yake ni ya kusonga ugali, si ya mitambo. Huyo mama hakuja tena mkutanoni. Kuanzia hapo sisi wengine tulikuwa tukikaa na mikono kwapani.

Siku moja injinia aligeuza kamera atuonyeshe anakofanyia kazi. Alikuwa amenunua skrini mpya. Ilikuwa pana kama kioo cha mbele cha lori, imepindika kidogo pande zote mbili. Alifurahi nayo kama mtoto.

"Hapa nafungua kila kitu pamoja," akasema. "Sihitaji kufunga moja ndiyo nione ingine."

"Hongera, injinia!" tukamwambia, na tukampigia makofi. Tulimpigia makofi kweli.

Sasa nije kwa siku yenyewe.

Ukuta ulikuwa umeisha. Kilichobaki ni mtaro wa bomba, kutoka mtoni kupasua ukingo mpaka kwa tangi lililoko juu. Ukingo huo umesimama mrefu kuliko nyumba yangu, na ndani yake ni mchanga mchanga umeshikwa na mizizi tu. Injinia akasema amechora mchoro, atatuonyesha, kisha tuanze kuchimba wiki inayofuata.

Nilikaa benchi la mbele na jirani yangu. Huyo jirani tuliolewa hapa Kalama karibu wakati mmoja, yeye akitoka Kathiani na mimi nikitoka upande wa pili wa mji. Tulichekwa pamoja tukiwa wageni, tukazaa pamoja, tukagombana juu ya mbuzi na tukapatana. Kwa mwethya, yeye ndiye mwenye kuanzisha wimbo. Yeye akitoa neno, sisi tunajibu, na majembe yanashuka pamoja. Ukimwondoa, kila mtu anachimba kivyake.

"Mnanisikia?" injinia akauliza.

"Tunakusikia!"

"Sawa. Sasa nashea skrini yangu. Hiyo hapo."

Nitasema kilichotokea kwa ile simu, na yeyote aliyekuwa kanisani aje anikatalie. Juu palikuwa peusi. Chini palikuwa peusi. Katikati palibaki ukanda mwembamba kama mshipi wa suruali, na ndani ya huo mshipi vitu vidogo vidogo vimepangwa kwa mstari kama nguo zimeanikwa kwa kamba. Upande wa kushoto, maandishi kama siafu. Mwisho kabisa wa kulia, mistari ya bluu ambayo ungeifunika kwa kucha ya kidole kidogo. Na katikati, kitu kimoja tu kilichoeleweka: kiti. Kiti cheusi cha ofisi, kimeinua mgongo, kiko na magurudumu.

Jirani yangu akaniinamia. "Kile ni kiti?"

"Ni kiti."

"Cha nini?"

Mama aliyekuwa nyuma yetu akasikia. "Ni cha mwenyekiti. Amesema benchi inamuumiza."

"Na magurudumu?"

"Atateremka nacho mpaka mtoni kutukagua."

Benchi yote ikatikisika. Mwenyekiti akageuka na uso umekunjamana. "Nyinyi wanawake! Mtu anafundisha!"

Na kweli alikuwa anafundisha. Sauti ilikuwa safi kabisa, hiyo nakubali. "Kama mnavyoona hapa kwa mchoro," anasema, "mtaro unaanzia hapa, unapanda hivi, unafika hapa." Hapa na hapa na hapa. Alikuwa akizungusha mshale wake, nasi tunaona kitu kama inzi kinatembea. Kisha akasema: "Haya maandishi ya chini ndiyo ya muhimu zaidi. Ni mambo ya usalama. Sitayasoma yote, yako wazi hapo, myapitie wenyewe."

Nikasema, "Mzee, mwambie hatuoni. Mwambie atusomee."

Mwenyekiti akanyoosha mkono na kuzima maiki. Hicho kitufe alikijua vizuri. Halafu akanigeukia.

"Wewe unataka kutuaibisha?"

"Nimesema hatuoni."

"Huyu ni mtu wa digrii. Akisikia hatuoni atasema kikundi hiki ni cha washamba, na mradi utahamishiwa kwingine. Kuna watu wanaungoja."

"Basi vuta hiyo picha na vidole ikue."

"Ikikatika je? Utampigia wewe? Mtaro ni mtaro. Hujawahi kuchimba mtaro?"

Nikamwambia nimechimba mitaro tangu yeye akiwa Nairobi akivaa tai. Watu wakaguna. Aliwasha maiki.

"Mzee, mko?" injinia akauliza.

"Tuko, injinia."

"Mmeona vizuri?"

Hapa ndipo mtu wa nje hawezi kuelewa bila kukaa na sisi. Mgeni akiuliza kama umeona, huwezi kumwacha na swali lake linaning'inia hewani. Ni kama kumwacha na mkono amenyoosha. Na kwa mwethya, neno likitolewa linajibiwa, na anayeanza kujibu ni mwanzishaji wa wimbo. Mwenyekiti hakuniangalia mimi. Alimwangalia jirani yangu na kumwinulia nyusi. Jirani yangu akaniangalia, akaangalia simu, akavuta leso yake begani.

"Tumeona, injinia," akasema. "Songa mbele."

"Tumeona!" wakajibu wengine.

"Asanteni sana. Nyinyi ni kikundi kizuri." Na akaondoa picha yake, na kiti chake ndani.

Maandishi yale nimekuja kuyajua baadaye. Yalisema udongo utupwe mbali na mtaro, usirundikwe ukingoni. Yalisema mtaro ukipita kifua cha mtu uwekwe mbao za kushikilia pande zote mbili. Yalisema mvua ikinyesha, watu wasishuke kabla ya ukingo kukaguliwa. Ni maneno ambayo mtu angeyasoma akiwa anavaa viatu. Sitayasoma yote, alisema. Kwa nini? Alikuwa anakimbilia nini? Alikuwa anakimbilia kununua kiti.

Sisi tulichimba kama tunavyochimba matuta. Kwa tuta unarundika udongo hapo juu karibu, ndio ukingo wa tuta. Mikono yetu inajua hivyo. Tulirundika. Mtaro ukapita magoti, ukapita kiuno, ukapita kifua, ukatumeza kichwa. Alfajiri ya siku ya ajali kulikuwa kumenyesha manyunyu tu, ya kulaza vumbi, na tukafurahi kwamba sululu inaingia bila ubishi.

Jirani yangu alikuwa mbele yangu. Alikuwa anaimba. Alitoa neno, nikafungua mdomo nijibu, na mdomo ukajaa mchanga.

Ile ardhi ilipoporomoka haikupiga kelele. Watu wananiuliza kama ilinguruma. Ilifanya kama gunia la mahindi likimwagwa. Mimi ilinishika hapa kifuani, mkono mmoja juu, mkono mmoja ndani, nyonga imebanwa na jiwe. Yeye sikumwona. Niliona leso yake, pembe moja ya leso, na nilikuwa naifikia kwa vidole lakini sikuweza kuivuta. Wale wa juu walianza kufukua kwa mikono kwa sababu waliogopa kutukata na sululu. Walinipigia kelele nisilale. Mimi nilikuwa nawaambia, "Yeye kwanza, yeye kwanza," na hawakunisikia kwa sababu kifua hakikuwa na nafasi ya sauti.

Mimi niko hapa na fimbo. Yeye tulimzika.

Bado nilikuwa hospitalini madam wa ofisi alipoandika ripoti yake. Hakunijia kitandani. Hakuja kuangalia ukingo. Alikaa mjini, akatazama mkutano uliorekodiwa, akampigia mwenyekiti simu, akamaliza. Mwenyekiti akaisoma kanisani, waliokuwepo waliniambia, kwa sauti ya kutangaza harusi: kwamba kikundi kilionyeshwa maelekezo yote ya usalama, na kwamba kiongozi wa wachimbaji alithibitisha kwa sauti yake kwamba ameyaona, kisha kazi ikafanywa kinyume.

Kiongozi wa wachimbaji! Mtu wa kuanzisha wimbo! Walimpa cheo akiwa kaburini ili wapate wa kubebesha lawama.

Na habari ikapanda mlima mpaka Kathiani, kwa mama yake.

Alinijia nikiwa nimetoka hospitalini, nimelala kwa sababu kukaa kulikuwa kunaniuma. Ni mama mzee, mfupi, anayesema kidogo. Alikalia kigoda, akakataa chai.

"Nitakuuliza kitu kimoja," akasema. "Wanasema mtoto wangu aliambiwa kwamba hapo patamwua, akaingia, na akawaingiza wengine. Watu wananiambia pole, kisha wanasema hivyo wakifika mlangoni. Aliambiwa?"

"Hapana, mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba. "Hakuna aliyeambiwa."

"Wanasema kuna sauti yake ikikubali."

Nikajifanya kurekebisha blanketi.

"Kuna sauti yake?"

"Iko, mwaitu. Sauti ni yake."

Akaangalia mikono yake. "Basi sijui niamini nini," akasema. "Nikifa nitakutana naye. Nataka kujua kama nitamgombeza."

Hiyo ndiyo ilinitoa kitandani. Si nyonga, si pole za watu. Nilimtumia mwenyekiti maneno kwamba nataka hiyo rekodi ichezwe mbele ya huyu mama, na asipopanga mimi nitasimama kanisani Jumapili wakati wa matangazo. Akapanga haraka.

Tulikutana ofisini kwa madam, Machakos mjini, ghorofani. Mimi nilipanda ngazi kwa makalio, nikikaa kila daraja, na mwenyekiti alinipita bila kunishika mkono. Ndani tulikuta skrini pana, dada ya ile ya Syokimau. Injinia mwenyewe alikuwa ndani ya kidirisha pembeni, amenyoa, amevaa shati jeupe. Hata siku hiyo hakuja. Machakos na Syokimau ni lami tupu.

"Poleni sana," injinia akasema. Mama mzee akaangalia huku na huku akitafuta aliyeongea.

Madam akafungua rekodi. Na hapo nikaona kwa mara ya kwanza kile ambacho tulikuwa tumeonyeshwa. Kwa ile skrini pana kila kitu kilikuwa kikubwa, kila kitu mahali pake. Kushoto, barua pepe zake. Katikati, duka la viti, na chini yake viti vingine vya rangi rangi. Kulia, mchoro wa bluu, na maandishi chini yake, meusi, makubwa, wazi kama bango la barabarani.

"Mnaona?" madam akasema kwa upole, na huo upole ndio ulinichoma. "Maelekezo yako hapo. Mtu hawezi kusema hayakuonyeshwa."

Rekodi ikaendelea. Ikafika mahali mimi nilipouliza. Hakuna kitu. Kimya. Mdomo wangu haumo, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameuzima. Kisha: "Mmeona vizuri?" Na sauti ya marehemu ikajaa chumba. "Tumeona, injinia. Songa mbele."

Mama yake akashika ukingo wa meza.

"Hakuna swali lolote lililoulizwa," madam akasema.

"Liliulizwa," nikasema. "Mwulize huyu hapa mbona maiki ilizimwa."

"Kulikuwa na kelele ya wanawake," mwenyekiti akasema. "Walikuwa wanacheka."

"Tulikuwa tunacheka kiti! Kwa simu yako kulikuwa kunaonekana kiti peke yake!"

"Mama, tafadhali tusipaze sauti," madam akasema.

Nikamwambia nitaishusha akifanya kitu kimoja. Ampigie mwenyekiti kwa ile simu yake, kwa mkutano wa video kama siku ile, na injinia aweke ile picha ya rekodi vilevile alivyoiweka, pana hivyo hivyo. Injinia akasema haoni inasaidia nini. Madam naye alisita. Lakini mama mzee alikuwa anamtazama, na kumkatalia mfiwa mbele ya uso wake si rahisi hata kwa mtu wa ofisi. Wakafanya.

Simu ikaja na ule mshipi wake. Peusi juu, peusi chini. Nikaiweka mbele ya mwenyekiti.

"Soma."

Akatoa miwani. Akasogeza simu, akairudisha, akaipeleka kwa dirisha penye mwanga. Jasho lilimtoka kwa paji la uso. Tulimngoja. Nilikuwa nimejiambia kwamba akisema tu haoni, neno hilo moja, nitamsamehe yote mengine. Wallahi ningemsamehe.

"Naona," akasema.

"Unaona nini?"

"Naona maelekezo."

"Yanasema nini?"

"Ni mambo ya usalama," akasema, na akavua miwani na kuikunja.

Alidanganya mara ya pili, mchana, mbele ya mama wa mtu. Madam alikuwa ameinamia meza, hakutaka kuangalia. Injinia alisogea kando kwa kidirisha chake. Naye alikuwa amekalia kile kiti. Nilikitambua mgongo.

Mama mzee akanyoosha mkono. "Nipe."

Mwenyekiti akampa simu. Akaitazama kidogo tu.

"Hapa kuna kiti," akasema.

"Ndiyo, mwaitu."

"Kiti ni cha nini?"

Injinia akakohoa. "Hiyo ilikuwa tu... ni kitu changu binafsi, ilikuwa imefunguka pembeni."

"Haiko pembeni," mama akasema. "Iko katikati." Akageukia madam. "Mimi sioni kitu kingine. Macho yangu ni mabaya, lakini kiti nimekiona. Sasa nirudishie ile sauti."

"Picha, mama?"

"Picha sitaki. Ile sauti."

Madam akairudisha. "Tumeona, injinia. Songa mbele." "Tena," mama akasema. Ikachezwa tena. Alikuwa amefunga macho na amegeuza sikio, jinsi unavyosikiliza mtu aliye nje ya mlango. Mara ya tatu akainua mkono kusema basi.

"Huyo hajaona," akasema.

"Mama, amesema—"

"Nimesikia alivyosema. Huyo nimemlea mimi." Hakupaza sauti. "Nilikuwa nikirudi shambani namwuliza, umekula? Na najua nyumbani sikuacha kitu. Ananiambia, nimekula, mama. Hivyo hivyo. Kwa sauti hiyo hiyo. Ili nisihangaike. Ili nipumzike." Akamtazama kijana wa Syokimau ndani ya kidirisha. "Alikuwa anataka usihangaike, mwanangu. Alikuwa anakupumzisha."

Injinia alizima kamera yake. Madam alisema "mtandao," kana kwamba sisi ni watoto.

Mkitaka kujua haki ilifika wapi, ilifika hapa: ripoti ilibadilishwa. Waliondoa maneno ya kiongozi wa wachimbaji na ya kuthibitisha kwa sauti yake. Ile ya kikundi kilionyeshwa maelekezo yote, waliiacha. Ndiyo maana mnasema kwenye foleni. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, na siku ya kufungua tangi alikata utepe. Injinia nasikia ana mradi mwingine upande wa Yatta, na kama kuna mtu wa Yatta anasoma hii, akiulizwa kama ameona, aseme hajaona. Aseme mara ya pili. Mgeni akikasirika, akasirike. Atapona.

Tuliposhuka zile ngazi, mimi kwa makalio na yeye akinibebea fimbo, jua lilikuwa kali na ilikuwa imepita saa ya chakula. Yeye alikuwa ametoka Kathiani asubuhi na mapema. Nikamwuliza kama amekula.

"Nimekula," akasema.

Nilimwangalia. Ilikuwa ni sauti hiyo, sasa nilikuwa naijua. Nikamshika mkono, nikamwingiza hoteli ya karibu, nikamkalisha kwa benchi, nikaagiza sahani mbili, na sikutoa macho kwake mpaka alipoanza kutafuna.